Mtu Aliyekuja Kutafuta Giza

Mzee Apolinary alimwona yule mtu kabla mbwa hajamwona, na hilo peke yake lilimkera, maana mbwa alifugwa kwa kazi hiyo. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima vya upande wa Kyerwa. Mtu mwenyewe alisimama katikati ya rweya, lile eneo la nyasi tupu lililo juu ya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa la nyumbani, mahali ambapo hapana mgomba wala mbuni, ameinua uso na mdomo umeachama kidogo. Mkononi alishika simu. Alitazama juu, akageuka, akatazama tena, akageuka tena, mpaka akawa ameelekea kila upande. Kisha akaandika kitu kwenye simu yake.

Sasa, Igurwa si mahali pa mtu kusimama kwenye rweya ya mwenzake magharibi akitazama hewa. Anayetazama chini ana sababu zake: amepotelewa na mbuzi, au anaokota kuni, au anatafuta nyasi nzuri za kukata. Anayetazama juu ana nini? Apolinary, akiwa amejibanza nyuma ya mgomba, alizipitia sababu moja moja. Dalali wa ardhi angetazama mipaka. Watu wa minara ya simu huja na gari na kofia ngumu. Wavuna senene, wale panzi wa kuliwa, huja wakati wa mvua, na taa zao kali na mabati na mapipa, na huu ulikuwa mwezi wa Julai, nyasi zimekauka. Mwizi wa kahawa angekuwa chini kule uani, kwenye mikeka. Kilichobaki hakikuwa na jina, na kitu kisicho na jina ndicho Apolinary alichokichukia kuliko vyote.

Tusimwonee, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, mkulima wa ndizi na kahawa, kibanja chake kikiwa kisafi kuliko vyote vya upande ule. Mke wake alifariki mapema, naye akamlea binti yao Benadeta bila kuoa tena. Ila shaka alizaliwa nayo. Ukimsalimia kwa uchangamfu alijiuliza unataka nini. Ukimsalimia kwa ufupi alijiuliza umesikia nini. Ukipita bila kumsalimia alikaa macho.

Na shaka hiyo, kwa miaka mitatu sasa, ilikuwa na mahali pake pa kulala. Ililala kwa Benadeta.

Benadeta alikuwa fundi cherehani Bugene, binti mtaratibu, mwenye sauti nzuri kwenye kwaya. Katika mkutano mmoja wa kwaya alikutana na kijana wa Kimuli aitwaye Adelard, wakapendana kwa heshima, kwa simu na kwa nyimbo. Siku moja Adelard akamwambia kwamba wazee wake watakuja. Benadeta akamwambia baba yake. Apolinary akapaka nyumba chokaa, akaazima viti, akafagia uwanja mpaka kuku wakapotea njia. Wiki ikapita, na nyingine. Kila jioni Benadeta alishuka kwenye bodaboda, akaingia uani, na kabla hata ya kuweka mkoba akauliza, "Hawakuja?" Naye Apolinary akajibu, "Hawakuja." Hata jioni moja binti akaingia bila kuuliza. Alisema Adelard hapigi tena wala hapokei, na namba yake ameshaifuta. Tangu hapo ameshona magauni ya harusi za wenzake, na Apolinary kila akiliona gauni jeupe limetundikwa sebuleni likisubiri mwenyewe, moyo ulimuuma akatoka nje kwenda kukemea mbwa.

Aliyeharibu mambo alimjua. Alikuwa ni Kampire.

Kampire, au Mama Niyigena kama wengi walivyomwita, alikaa bondeni chini ya Apolinary, mjane wa ukoo uliotoka Rwanda zamani, mwenye ng'ombe wachache anaowapenda mno. Wiki zile zile za kungoja watu wa Kimuli, ndama wake alipotea, akawa anazunguka kijiji kizima akiuliza. Basi Apolinary alikuwa anapogoa migomba, panga mkononi, akatokea mtu asiyemjua, matope mpaka magotini, fimbo kwapani. Mtu yule akavua kofia akasema polepole, "Mzee wangu, nimepotelewa na ndama jike mzuri sana. Nimefuata nyayo zake, zinaingia kwako."

Apolinary hakuhitaji zaidi. Kampire amemtuma mtu amwite mwizi, tena ndani ya migomba yake mwenyewe. Alimkimbiza yule mtu kwa panga mpaka barabarani, na kwa miaka yake alikimbia vizuri. Kofia ilianguka kwenye mtaro. Aliiokota, akaitundika ghalani kuwa ushahidi, endapo kesi itafika kwenye baraza la kata. Kesi haikufika popote, watu wa Kimuli nao hawakufika, na Apolinary akaunganisha mambo hayo mawili kwa njia yake: mtu anayeweza kukuita mwizi wa ndama atashindwaje kuwaambia wakwe kwamba binti yako ana kifafa? Akaacha kumsalimia Kampire. Mtu asiyepafahamu kwetu ataona ni jambo dogo, lakini kumpita jirani kila asubuhi kwenye njia ya maji bila salamu ni kazi nzito, na Apolinary aliifanya kwa bidii.

Basi huyo ndiye aliyetoka nyuma ya mgomba jioni ile akamwuliza mgeni anatafuta nini kwake.

Mgeni alikuwa mtu wa makamo, miwani, viatu vya shule vilivyojaa vumbi. Alitoa shikamoo ya kuinama, akasema jina lake ni Egbert, mwalimu wa fizikia kule Bugene. Akaomba radhi kwa kuingia bila hodi.

"Natafuta nyota, mzee," alisema. "Yaani mahali pazuri pa kuiona. Nimezunguka Kayanga yote na Bugene. Siku hizi taa ni nyingi, hata kwenye kilima cha mnara kuna ile taa nyekundu. Iko moja hasa ninayoitaka, ya upande huu wa kusini. Nikiwa Bugene siioni vizuri, inafichwa. Na hii ndiyo iliyo jirani nasi kuliko zote, basi tu watu hawajui."

Neno lilikuwa limemgonga Apolinary mahali.

Maana kwetu, na hili lazima lisemwe, mtu haji kwa mwenye binti akasema nimekuja kuposa. Huko ni kukosa adabu. Anakuja akizunguka. Wanyambo wakulima kama Apolinary husema wamekuja kuomba mche wa mgomba, kwamba wamesikia hapa kuna chipukizi zuri. Yeye mwenyewe aliposimama kumposea mpwa wake aliomba mche mpaka akatokwa jasho, na wenyeji wakamjibu kwamba mche upo lakini shamba lake liko wapi, na kadhalika, mpaka chakula kikaletwa. Sasa huyu ni msomi. Wasomi hawana migomba. Si ajabu wao wanasema nyota. Iko Bugene lakini inafichwa. Benadeta si anashinda Bugene, ndani, kwenye cherehani? Iko jirani, watu hawajui. Apolinary alihisi masikio yanapata moto.

Lakini shaka haikumwacha afurahi. Aliuliza kwa ukali ni nani aliyemwelekeza.

"Mama mmoja hapo bondeni, mwenye ng'ombe," Egbert alisema. "Nilitaka kwanza kukaa kwake, akasema zizi lake lina taa usiku kucha. Akaniambia kama ni nyota, niende juu kwa Mzee Apolinary, hakuna kilima chenye nyota kama kile."

Kampire amesema hivyo? Kampire yupi? Apolinary alimkodolea mgeni macho akitafuta kicheko usoni mwake, hakukiona, jambo ambalo lilimtia wasiwasi zaidi. Akaamua kumpima kwa lugha hiyo hiyo aliyokuja nayo.

"Nyota yangu si ya kutazamwa na kila mpita njia," alisema.

"Ndiyo maana nimeomba ruhusa, mzee."

Jibu lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri mno. Apolinary akamwuliza akishaiona atafanya nini. Egbert akacheka kwa haya, akasema ataiangalia tu, haichukui. Apolinary akaona hapo pana dharau, mtu mzima haji mbali hivi kuangalia tu. Mwalimu akaendelea bila kujua anakoelekea. Alisema ana wenzake, walimu na watu wachache wa mjini wanaopenda mambo haya, nao wangefurahi kuja Jumamosi, maana mwezi hautakuwepo. Walihitaji tu mahali palipo wazi, pasipo na moshi wa jikoni wala miti ya kuziba, njia ipitike, na mwenyeji akubali. Watakuja na darubini waione kwa karibu.

"Darubini," Apolinary alirudia.

"Ndiyo, mzee. Kwa macho matupu mtu anadanganyika. Unaiona inang'aa ukadhani ni changa, kumbe ina umri mkubwa sana."

Hapa Apolinary aliuma meno. Benadeta alikuwa na miaka ishirini na tisa, na hakuona sababu ya mtu wa fizikia kuja kusema hivyo kwenye nyasi zake. Lakini alikumbuka nyumba iliyopakwa chokaa bure, akajizuia.

"Na tungeomba kitu kimoja," Egbert akamalizia. "Jumamosi hiyo taa zote zizimwe. Tunataka giza kabisa."

Walipoagana, Apolinary alisimama palepale mpaka akamsikia mwalimu akiwasha pikipiki kule barabarani. Hakujua amekubali au amekataa. Alikumbuka tu kwamba amesema Jumamosi ni sawa.

Siku zilizofuata zilikuwa za mateso. Ikiwa mtu yule ni mshenga, mbona amekuja peke yake na hakutaja ukoo? Ikiwa si mshenga, ni nani anayetafuta giza kwa hiari yake, wakati kijiji kizima kinalilia nguzo za umeme? Na Kampire, kwa nini amsifie Benadeta leo baada ya kumchafua jana? Alimchunguza binti yake wakati wa kula. Aliuliza kama kuna walimu wanaopita pale dukani. Benadeta akasema walimu hupita kila siku, suruali zao hupasuka kama za watu wengine. Aliuliza kama kuna mwenye miwani. Benadeta akaweka kijiko chini akamwangalia, akamwuliza kama ana homa.

Usiku Apolinary hakulala. Kilichomsumbua hakikuwa mwalimu, ni Kampire. Jumamosi mwalimu na wenzake watapita tena bondeni, watamkuta tena, watamwuliza tena, na neno moja la mwanamke yule lingeweza kuwageuza kama lilivyowageuza wa Kimuli. Hakuweza kuvumilia Benadeta aachwe mara ya pili, asimame tena uani akiuliza hawakuja. Asubuhi alikata mkungu mzuri wa ndizi, akaubeba begani mwenyewe, akashuka bondeni.

Kampire alikuwa anakamua. Alimwona akija, hakuinuka. Alimwangalia yeye, akauangalia mkungu, akamwangalia tena yeye, na macho yake yalikuwa ya mtu anayejiuliza sumu imewekwa wapi. Apolinary aliitambua ile namna ya kutazama. Ilikuwa yake.

Aliweka mkungu chini akasema ni wa shukrani, kwa neno zuri alilomwambia mwalimu. Kampire akauliza neno gani. Apolinary akasema lile la nyota.

"Nilisema kwako kuna giza," Kampire alisema. "Hiyo nayo ni sifa?"

"Ulisema hakuna nyota kama ya kwangu."

"Zipo mbinguni, Baba Benadeta. Mwalimu ana bomba lake la kutazamia nyota, alinionyesha picha. Kwenye rweya yako hakuna taa. Ulifikiri nini?"

Apolinary hakusema alichofikiri. Lakini uso ulikuwa umeshakisema, na Kampire hakuwa mjinga. Alianza kucheka, kisha akaona yule mzee amesimama mikono imelegea, akaacha kucheka. Alimvutia kigoda.

Pengine ni kile kigoda. Apolinary, aliyekuja kunyamazisha mdomo wa mwenzake, akaufungua wake. Akamwambia yote waziwazi: kwamba alijua ni yeye aliyewageuza watu wa Kimuli, na kwamba mtu aliyemtuma kumwita mwizi wa ndama alimkimbiza, na angekuja tena angemkimbiza tena.

Kampire alisikiliza, maziwa yakiwa kwenye kibuyu mapajani.

"Ndama wangu alipatikana siku ileile aliyopotea, kwenye mihogo ya watu," alisema. "Sikumtuma mtu. Ningemtuma nani? Mtu huyo alisemaje hasa?"

"Kwamba amepotelewa na ndama jike mzuri. Na nyayo zinaingia kwangu."

"Alisema mzuri?"

"Mzuri sana, alisema."

Kampire aliweka kibuyu chini taratibu, akauliza jambo ambalo Apolinary hakulitegemea. Aliuliza kama yule mtu alivua kofia.

"Aliivua. Ninayo ghalani."

"Baba Benadeta, mtu anayekuja kukushuku wizi havui kofia." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Ninyi mnaomba mche. Sisi tuna ng'ombe. Kwetu hatuji kuomba binti. Tunakuja kutafuta ndama aliyepotea, na nyayo zake zinaingia kwa mwenye binti. Anatangulia mmoja, kwa miguu, kimya kimya, aone kama atakaribishwa. Wa Kimuli si watu wetu wale?"

Apolinary alikaa. Alikumbuka matope magotini, mtu aliyetembea mbali. Alikumbuka sauti ya upole, jinsi alivyosema mzee wangu. Chokaa ya nyumba ilikuwa haijakauka bado. Siku ileile jioni Benadeta alishuka kwenye bodaboda akauliza, naye, akiwa bado anahema kwa hasira na kofia ya watu ikiwa ghalani, akamjibu hawakuja. Kampire alimmiminia maziwa, na mzee akayanywa yote akiangalia chini, kwa aibu ambayo hakuwahi kuijua.

Jumamosi Egbert alifika na watu wake, walimu na mama mmoja wa duka la dawa na mume wake, wamevaa makoti kwa ajili ya baridi. Waliweka darubini juu ya miguu yake mitatu, wakatandika majamvi kwenye nyasi. Apolinary alizima taa zake za sola, ya sebuleni, ya jikoni na ya choo, na bondeni, bila mtu kumwomba, Kampire alizima ya zizi. Kilima kikamezwa. Kisha macho yalipozoea, anga lote likajitokeza.

Mwalimu aliwaeleza kwa sauti ya chini. Alionyesha ule mkanda mweupe unaokatiza juu, alionyesha msalaba wa kusini, na karibu nao nyota aliyoitafuta. Alisema jua likiwekwa kando hiyo ndiyo ya karibu nasi kuliko zote. Kila mtu akainama kwenye darubini kwa zamu yake, hata Apolinary, ambaye aliona kwamba kile alichodhani ni nukta moja ni nukta mbili zilizokaa pamoja. Egbert alisema ndivyo zilivyo, ni mbili, na siku zote zilikuwa mbili. Apolinary akamshukuru. Hakuwa na shaka naye tena, na alishangaa jinsi hilo lilivyomwacha mtupu.

Benadeta alikuwa amekaa pembeni kwenye jamvi, kitenge mabegani, ameinua uso. Apolinary aliketi karibu naye. Kwa siku hizo alikuwa ametafuta namna ya kusema, uani, mezani, njiani kutoka kanisani, na kila mara uso wa binti yake ulimshinda. Sasa uso haukuonekana.

"Walikuja," alisema.

"Nani?"

"Wa Kimuli. Alikuja mmoja, mzee, kwa miguu. Akasema amepotelewa na ndama."

Benadeta ameshona magauni ya watu wa kila namna, na amekaa kwenye sherehe zao akirekebisha pindo. Hakuhitaji kuelezwa ndama ni nani.

"Ukamwambia nini?" aliuliza baadaye.

"Nilikuwa na panga mkononi."

Akamweleza basi, bila kujipunguzia, mpaka mtaroni, mpaka kwenye kofia. Alipomaliza alilichukia lile giza, maana alisikia pumzi za binti yake zinakatika na hakuweza kujua kama analia au anacheka. Alitamani mtu awashe hata kiberiti.

"Nilikuuliza kila siku, Baba," Benadeta alisema. "Kila siku ukaniambia hawakuja."

"Nilikuambia nilichojua."

"Uliniambia ulichoshuku. Mimi nikafikiri nina kasoro. Miaka mitatu nimejitazama kwenye kioo cha wateja nikiitafuta."

Apolinary alilia kidogo, kwa kificho, kama wazee wanavyolia, akijifanya ni mafua. Upande ule mwingine mama wa duka la dawa aliona kimondo akaguna kwa furaha.

"Namba sikuifuta," Benadeta akasema mwishowe. "Lakini sitapiga. Sijui kama Adelard ameoa, na sitaki kujua kwa simu. Aliyefukuzwa lazima ni baba yake mkubwa, anaitwa Evaristi, ndiye anayeposea watoto wote wa nyumba ile. Nenda wewe. Umpelekee kofia yake."

Mwenye binti haendi. Tangu dunia iumbwe haendi. Anakaa kwake, anafuatwa, anajifanya hana haja. Apolinary alijua hivyo, na Benadeta pia. Hakuna aliyelitaja.

Jumatatu aliishusha kofia kutoka ghalani, akaikung'uta buibui, akaipiga mswaki. Panga aliliacha kwenye mgomba. Bodaboda ilimfikisha Kimuli mpaka kwenye njia panda, akashuka hapo makusudi, akaitembea sehemu iliyobaki kwa miguu, kwa kuwa mwenzake alikuja kwa miguu. Barabara ya vumbi ilikuwa na watu, na wote walimtazama. Alipouliza nyumbani kwa Evaristi ni wapi, mwanamke aliyebeba majani alimwangalia juu mpaka chini akamwuliza anamtakia nini. Mbwa walimfuata. Nyuma ya migomba aliona macho ya mtu aliyejibanza, akahisi jinsi anavyopimwa, kama ni dalali, kama ni mwizi, kama ni mtu wa serikali. Njia nzima alikuwa akiwaza kwamba kijana labda ameshaoa, ana watoto, na yeye atarudishwa kwa kicheko na kofia yake.

Mzee aliyetoka kwenye migomba alikuwa na panga. Alikuwa anapogoa, majani makavu yalimganda kwenye mabega. Alikuwa amezeeka kidogo, lakini Apolinary alimtambua, na akaona wazi kwamba naye ametambuliwa. Panga halikushuka.

Apolinary akavua kofia yake mwenyewe kichwani. Ile nyingine akainyoosha mbele kwa mikono miwili.

"Mzee wangu," alisema. "Nimekuja kwa habari ya ndama. Nyayo zile hazikukosea. Yuko kwangu, mzima, na makosa si yake."

Evaristi aliitazama kofia. Aliitazama muda mrefu, akaitazama mikono iliyoishika, mmoja baada ya mwingine, kisha akapeleleza nyuma ya mgeni, na njia, na migomba ya pande zote mbili. Hakuipokea.

"Na lile panga lako," aliuliza, "umeliacha wapi?"